Nikuite Mama Nani

Minto, Sydney
Jumapili, 2 Februari 2025

Dada Verdiane,

Milima haikutani, binadamu hukutana, hata kama inachukua miaka kumi na saba na bahari nzima katikati. Mimi ni Wilondja, yule Mkongomani mrefu wa hospitali kule Kigoma, ambaye mke wake alifariki akijifungua akamwachia binti asiyefika hata kilo mbili. Kama umenisahau mimi, najua mtoto hujamsahau. Ulimnyonyesha wiki sita.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi ya Warundi, Guildford. Kulikuwa na kwaya kutoka Canberra, na mmoja wao, Salvator, akawa anasimulia mambo ya kazini kwake, nyumba ya kulelea wazee, akasema kuna mama mmoja anayeitwa Verdiane ambaye hata wazee wenye miaka tisini wanamwogopa kwa utani. Nikaacha sombe yangu kwenye sahani. Nikamwuliza, huyo Verdiane ana kovu dogo juu ya nyusi? Anacheka kabla hajamaliza kusema? Akasema ndiye. Nikatoka nje nikasimama kati ya magari nikalia, mzee mzima na tai yangu.

Nilimwomba namba yako. Siku ya tatu akanijibu: "Amesema namba hatoi. Amesema uandike." Nikajua ni wewe kabisa.

Basi naandika. Naendesha forklift kwenye ghala hapa Minto. Sikuoa tena. Ornella yuko darasa la kumi na mbili, anasikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote. Huku kijana hapewi leseni mpaka aendeshe gari masaa mia na ishirini, mzazi ameketi pembeni yake, na kila safari inaandikwa kwenye kitabu. Yeye ana themanini na moja. Nikafikiri, masaa yaliyobaki kwa nini tuyamalize kwa kuzunguka maduka ya Campbelltown? Tutumie likizo ya Aprili kuja kwako, polepole, kwa ile njia ya zamani wanayoiita ya Kumbukumbu. Kutoka Sydney mpaka Canberra walipanda miti kando yake kwa ajili ya askari wao waliokufa vitani, na kila pa kupumzikia pana jina la mtu. Nataka umwone binti akija kwako ameshika usukani mwenyewe.

Jambo moja linanikera. Tangu hospitali nakuita Verdiane tu, kama mtu asiyezaa. Kwetu huo ni utovu wa adabu, na mimi nilikuwa na msiba kichwani, sikuuliza. Mwanao uliyempeleka kambi ya wakimbizi kwa bibi yake, aliyekunywa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe wakati wangu ananyonya kwako, anaitwa nani? Nikuite Mama nani?

Wako mwenye shukrani,
Wilondja, Baba Ornella


Canberra
20 Februari 2025

Kaka Wilondja,

Sijakusahau. Ulikuwa unalala kwenye korido, miguu imeziba njia, na manesi walikuwa wanairuka kama mfereji.

Namba sitoi kwa sababu kwenye simu mtu anakuuliza jambo halafu anasikiliza unavyopumua kabla ya kujibu. Barua haina masikio.

Nimefurahi sana mtoto ni mzima, anasoma, na anakubishia. Hiyo inanitosha. Msije. Nyumba yangu ni chumba kimoja, ghorofa ya pili, na rosta ya kazi inabadilika kila wiki kama hali ya hewa. Shukrani nazo sizihitaji. Nilitoa nilichokuwa nacho.

Umeuliza jina. Armel.

Msalimie binti.

Verdiane


Minto
2 Machi 2025

Mama Armel,

Ona linavyopendeza kwenye karatasi! Nimeliandika mara tatu pembeni kabla ya kuanza.

Umenikataza kuja na nimeelewa sababu. Umekasirika, na haki unayo. Gari la shirika lilikuja alfajiri, dereva akasema ni sasa au wiki mbili zijazo, nikambeba mtoto nikaondoka bila kukuaga. Nilijiambia umelala. Ukweli ni kwamba sikujua mtu anaagaje katika hali ile. Kusema asante nikaona ni neno dogo mno, basi sikusema hata hilo dogo.

Marehemu mama yangu alikuwa na msimamo wake: mwanamke akimnyonyeshea mwenzake mtoto, anapewa kitenge na mbuzi, na baba wa mtoto anavipeleka kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kutuma watu. Miaka kumi na saba sijakuletea hata kamba ya mbuzi. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi hata teke sikutoa, nilipotea tu.

Na si wewe peke yako. Ornella alikula kwenye sahani ya Armel. Kila nikimwona binti yangu anakula namshukuru Mungu, na hapo hapo namfikiria mwenzake na kikombe chake. Wamenyonya ziwa moja, ni ndugu, na hata sura hawajuani. Niambie anavaa viatu namba ngapi. Ghalani kwetu kuna buti nzuri, zile zenye chuma mbele. Kijana wa miaka kumi na saba akitafuta kazi ya likizo, kitu cha kwanza wanachomwangalia ni miguu.

Tufungulie mlango, Mama Armel. Saa moja tu. Nisipokushukuru uso kwa uso nitakwenda kaburini nikiwa mwizi.

Wilondja


Canberra
16 Machi 2025

Kaka Wilondja,

Mwizi wa nini? Acha maneno makubwa.

Sikukasirika. Ile asubuhi gari nililisikia. Nikafumba macho makusudi, maana ningewaona mnaondoka ningepiga kelele wodi nzima iamke. Kwa hiyo kama ni kosa la kutokuaga, tulilifanya wawili.

Mbuzi usilete. Jengo hili limekataza hata paka. Viatu pia usinunue.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mwenye akili zake. Basi njooni. Jumatano tarehe 16 Aprili na Alhamisi yake sina kazi. Ornella aendeshe taratibu. Na wewe uniandikie njiani unisimulie hiyo miti, kwa sababu nimeishi hapa miaka tisa na njia hiyo sijaipita ila kwa basi, nimelala mdomo wazi.

Verdiane


Canberra
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Kaka Wilondja,

Naandika haraka ikukute kabla hujaondoka. Wa posta amesema Jumatatu, au Jumanne ikichelewa, itakuwa Minto.

Viatu. Nilikwambia usinunue, lakini nakujua, umeshanunua. Viache nyumbani. Hakuna wa kuvivaa. Mwanangu alifariki siku ya pili baada ya kuzaliwa, siku tatu kabla mkeo hajaletwa pale. Kambini kwa bibi yake hakwenda. Alizikwa nyuma ya hospitali na mimi siwezi kusimama, kidonda cha upasuaji kimefumuka.

Nilikudanganya, na sababu yake ni shangazi yako. Alikuwa ameketi mlangoni, nikamsikia akiwaambia manesi kwamba mtoto asipewe mwanamke mfiwa, maziwa ya mfiwa yana msiba, yatamfuatisha mtoto kwa mama yake. Simlaumu. Alikuwa amempoteza mmoja, aliogopa wa pili. Lakini binti yako alikuwa hata sauti ya kulia hana tena, anafungua mdomo tu. Nikasema wangu ni mzima, yuko kwa bibi, maziwa ninayo tele. Manesi nikawakonyeza, wakanyamaza. Shangazi mwenyewe akamleta akamlaza kifuani kwangu.

Uongo ule sijaujutia hata siku moja. Ila nilidhani umebaki hospitalini. Kumbe umenifuata mpaka Australia, na sasa unatafutiwa namba ya kiatu.

Ukisoma haya ukaona ni heri usimlete Ornella, nitaelewa, kwa maana watu wengi wanaamini kama shangazi. Ukija, nitajua umenipokea pamoja na msiba wangu. Sitauliza kitu. Nitafungua mlango.

Verdiane


Goulburn
Jumanne, 15 Aprili 2025

Mama Armel,

Barua hii itafika kwako baada yetu, lakini uliagiza, na mimi agizo lako siwezi kulipuuza.

Bosi alinipa likizo mapema, kwa hiyo tuliondoka Jumamosi badala ya leo. Watu wenye haraka wanafika Canberra kwa masaa matatu. Sisi hii ni siku ya nne na bado tuko Goulburn! Haraka haraka haina baraka, na mwanafunzi haruhusiwi kupita kilomita tisini kwa saa hata kama barabara inaruhusu. Ornella hata hiyo tisini hakuifika. Kupanda kilima cha Razorback kabla ya Picton alikwenda hamsini, kibao chake cha njano chenye L kinapepea, na nyuma yetu msururu kama wa maziko. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo mpaka ukavimba. Akaniambia, "Papa, you're not even driving. Relax." Nikamwambia, mimi nimevuka ziwa Tanganyika kwenye boti inayoingiza maji na sikuogopa kama leo. Akacheka mpaka ikabidi asimame pembeni.

Miti sasa. Kuna mingine mikubwa ya kizungu, inayopukutisha majani, na msimu huu imekuwa ya rangi ya chai na ya machungwa. Kuna mikaratusi yao, ambayo haijali msimu. Kila pa kupumzikia pana ubao: jina la askari, alipigana wapi, alifanya nini. Ama kweli watu hawa wanajua kukumbuka, marehemu wao wamewapa miti na vyoo safi. Ornella amejiwekea sheria, lazima tusimame kila penye jina, na lazima alisome kwa sauti. Nikamwuliza kwa nini kwa sauti, akasema kusoma kimya ni kama kupita tu. Sehemu moja kulikuwa na bibi mmoja wa Kiaustralia na chupa yake ya chai, akauliza kama yule askari ni wa ukoo wetu. Ornella akajibu, "No, we just read everyone." Bibi yule akatukatia keki ya nazi, akamshika Ornella mkono.

Mbuzi nilijaribu. Usinigombeze. Karibu na Marulan kulikuwa na kibao cha kuuza mbuzi kwenye lango la shamba, nikamwambia Ornella asimame. Mwenye shamba akaniuliza trela iko wapi na hati ya kumsafirishia mnyama iko wapi. Nikamwambia ni mmoja tu, atakaa kiti cha nyuma. Ornella aliteleza chini ya usukani asionekane. "Papa, no. It's a Corolla." Basi nakuja na kitenge, na buti za Armel. Namba nimekisia, 43. Ulikataa kunitajia, nikajua ni adabu tu. Zikimbana nitazibadilisha.

Jana jioni Ornella aliniuliza, "What do I even say to her?" Nikamwambia aseme asante. Akauliza, "For what, like, my whole life?" Nikamwambia ndiyo, kwa hayo yote. Tangu hapo namsikia bafuni anafanya mazoezi ya kusema kwa Kiswahili.

Tutaonana kesho. Mwambie Armel asiende mbali.

Wilondja


Minto
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Mama Armel, au sijui nikuiteje sasa,

Tumerudi jana kwa barabara kuu. Barua yako ya tarehe kumi nimeikuta kwenye sanduku leo asubuhi, imebanwa katikati ya matangazo ya nyama ya Pasaka. Nimeisomea palepale mlangoni nikiwa na funguo mkononi.

Dada yangu, sikuwa nimeisoma. Nilifika kwako Jumatano sijui lolote. Nakwambia ukweli ingawa ningeweza kunyamaza, nawe ungeendelea kudhani nilikuja nikijua. Lakini uongo mmoja umetutosha.

Sasa nakumbuka kila kitu na kila kitu kinanichoma. Ulifungua mlango, Ornella akakukumbatia kabla sijasema hodi, akasema maneno yake ya bafuni, "Asante kwa maisha yangu yote," na wewe ukamshika kichwa kwa mikono miwili. Na mimi, punda, nikanyoosha mkono na lile boksi nikauliza, "Armel yuko wapi?" Uliniangalia muda mrefu. Ukasema, "Hayupo, lakini karibuni ndani." Ukalichukua boksi ukalikumbatia. Mimi nikajisifu moyoni kwamba zawadi imepokelewa.

Na siku mbili zote sikufunga domo. Tunakula, nauliza, ni mrefu? Ukasema anakupita kichwa. Anapenda mpira? Ukasema anapenda, lakini mvivu wa kukimbia, anakaa golini. Anakula nini? Wali, ugali hataki, anasema unamlaza. Tulicheka! Nilikuona unafuta macho, nikadhani ni kicheko. Nilikuwa nageuza kisu kwenye kidonda, na wewe unaniongezea mchuzi.

Nimemsomea Ornella barua yako. Nilifikiri nimfiche, nikaona hapana, amechoka kuwa mtoto wa siri za watu wazima. Alitoka nje akaketi kwenye gari bila kuliwasha. Nilipomfuata akauliza, "So it was his. The milk was his." Nikasema ndiyo. Akauliza kama unamchukia. Nikashindwa kumjibu, kwa sababu mimi nisingeweza kukaa meza moja na mtoto anayepumua badala ya wangu. Nakuomba umjibu wewe.

Nilikuja kukushukuru, nikakuumiza. Unisamehe.

Wilondja


Canberra
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kaka Wilondja, na Ornella mwanangu,

Nianze na Ornella, kwa sababu mtu asiachwe kwenye gari na swali kama lile.

Mwanangu, sikuchukii na sijawahi. Mtoto akifa, kifua hakipewi habari. Maziwa yanaendelea kuja, yanauma, yanalowesha nguo, na kila saa yanakukumbusha. Nesi alishaleta kitambaa cha kunifunga yakauke. Ndipo wakakuleta. Hukunyang'anya mtu. Ulinipunguzia maumivu yaliyokuwa hayana pa kwenda, na kwa wiki sita nilikuwa na sababu ya kula, ya kunywa uji, ya kupona kidonda. Wenzangu wawili wenye kidonda kama changu hawakutoka pale. Kwa hiyo nawe pokea asante yangu, kwa haya maisha yote niliyo nayo.

Sasa wewe, kaka. Umejitesa bure. Nilijua hujaisoma. Dakika ile uliposema "Armel yuko wapi" nilijua barua imepishana nawe. Ningeweza kukwambia pale pale. Nilifungua mdomo nikwambie. Halafu nikaona umeshika boksi la viatu vya mwanangu, namba 43, unasubiri atokee chumbani. Kaka, miaka kumi na saba hakuna mtu aliyewahi kusubiri mwanangu atokee chumbani.

Kwetu mtoto wa siku mbili halizungumzwi jambo lake. Mume wangu hakulitaja mpaka anafariki. Kanisani wakinisalimu wananiita Verdiane. Wewe uliingia ukaniuliza anapenda kula nini! Unadhani niliyatunga pale mezani? Yale nilikuwa nayajua. Nimemlea kimya miaka yote hii, nikiona mtoto wa mwenzangu anaanza shule nasema na wangu angeanza, nikiona wamerefuka naye anarefuka. Ila nilikuwa namlea peke yangu. Kwa siku mbili tulikuwa watatu mezani tunamcheka kwamba ni mvivu. Ulinipa kitu ambacho hata ungekuja na mbuzi mia usingenipa, na kama ungeisoma barua yangu mapema ungekuja na uso wa matanga, nisingekipata. Namshukuru Mungu kwa posta kuchelewa.

Buti ziko mlangoni. Jirani ameuliza kama nimepata mwanaume. Nikamwambia nina mtoto wa kiume.

Nina jambo moja bado sijakwambia. Kwenye daftari la hospitali waliandika "mtoto wa Verdiane". Padri hakuwahi kufika, na mimi nilikuwa na homa, na baadaye nikaona wa kumpa jina simwoni. Alikwenda bila jina. Uliponiandikia mwezi wa pili ukataka kujua uniite Mama nani, nilikaa na kalamu jioni nzima. Jina lile nilimpa siku ile, palepale kwenye barua. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kulisoma, na ukaniandikia umelirudia mara tatu pembeni mwa karatasi.

Likizo ya Julai njooni tena. Kutakuwa na baridi ya kukata masikio, mje na makoti. Nataka nipite njia ile nikiwa macho, Ornella akiendesha, anisomee yale majina. Na tukifika pazuri, penye mti mzuri na hapana ubao, asimame, alisome na la kaka yake kwa sauti.

Asante, kaka, kwa kuniuliza anaitwa nani.

Mama Armel